Kosa Lililokaa Miaka 66 Kwenye Jalada

Babu yangu mzaa mama alirudi kutoka Bama na cheti cha kuachishwa jeshi chenye jina lisilo lake. Karani alimuuliza jina la baba, yeye akadhani anaulizwa kwao wapi, akataja kijiji. Kijiji kikawa baba yake. Alikufa akiwa na majina mawili, la kwetu na la serikali, na hakuwahi kwenda popote kulalamika. Angekwenda wapi? Mkoloni hakuweka dirisha la malalamiko ya aina hiyo.

Mimi ni mwandishi wa habari. Tukikosea jina la mtu gazetini, kesho yake tunaweka mistari miwili chini kabisa ya ukurasa: tunaomba radhi. Hakuna anayeisoma, ila mwenye jina. Ndiyo maana mikasa ya watu waliopigania kurekebishiwa rekodi zao hunikamata kuliko mikasa ya vita vyenyewe. Na katika yote niliyoisoma, ule wa Brownsville haujaniachia mpaka leo.

Brownsville ni mji wa Texas, mpakani na Mexico. Julai 1906 walihamishiwa hapo, kwenye ngome ya Fort Brown, askari weusi wa kombania tatu za kikosi cha 25 cha miguu. Wenyeji hawakuwataka na hawakuficha. Usiku wa Agosti 13, karibu na saa sita, risasi zikalia mjini. Mhudumu wa baa akauawa, ofisa mmoja wa polisi akajeruhiwa vibaya mkono. Mji mzima ukasema ni wale weusi.

Sasa tazama ushahidi. Askari walihesabiwa usiku uleule, na maofisa wao, ambao ni wazungu, walieleza kwamba watu wao walikuwa kambini. Asubuhi bunduki zikakaguliwa, zikakutwa safi. Wenyeji nao wakaja na maganda ya risasi za jeshi waliyosema wameyaokota barabarani. Hakuna hata askari mmoja aliyefikishwa mahakamani, wala aliyetambuliwa kwa jina kwamba ndiye aliyefyatua. Wakaguzi wa jeshi walipowabana wawataje wenzao, wote walisema hawajui. Basi kutojua kwao kukageuzwa kuwa kosa: wakaambiwa wamekula njama ya kunyamaza.

Rais Theodore Roosevelt akaamuru watu 167 waachishwe jeshi bila heshima. Amri ilikuwa tayari kabla ya uchaguzi wa bunge wa Novemba 1906, lakini ilitangazwa baada ya kura kupigwa, maana weusi wa majimbo ya kaskazini walikuwa wapiga kura wa chama chake. Booker T. Washington alimsihi asifanye hivyo. Wapi!

Miongoni mwao alikuwemo sajini Mingo Sanders, mtu wa miaka 26 jeshini. Alipigana Cuba mwaka 1898, ambako kombania yake iligawana biskuti kavu na kikosi cha huyohuyo Roosevelt aliyekuja kumfukuza. Alikuwa amebakiza muda mfupi tu apate pensheni. Seneta Joseph Foraker wa Ohio aliwapigania mpaka akaharibu maisha yake ya siasa, na mwaka 1910 jopo la majenerali likaruhusu 14 wajiandikishe upya. Kwa nini hao 14 na si wengine? Jopo halikutoa sababu. Sanders hakuwemo. Roosevelt naye alipoandika kitabu cha maisha yake, kinene kwelikweli, Brownsville hakuigusa.

Tunapenda kudhani rekodi ni karatasi tu. Lakini katika jeshi la Marekani neno moja kwenye cheti cha kuachishwa ndilo linaloamua pensheni, matibabu, na hata kaburi la kijeshi. Mwajiri akikuomba ule mkarati, ameshakujua. Dorsie Willis alikuwa kijana wa miaka 20 usiku ule. Alikwenda Minneapolis, akang'arisha viatu kwenye duka la kinyozi kwa miaka 59. Hamsini na tisa! Alizaliwa mtoto wa wazazi waliotoka utumwani, akaingia jeshini akitafuta njia ya kupanda, akaishia kupiga magoti mbele ya viatu vya watu.

Kilichomtoa huko ni kitabu. Mwaka 1970 John D. Weaver alitoa The Brownsville Raid, akaupanga upya ushahidi wote na kuonyesha kwamba haukusimama. Mbunge Augustus Hawkins wa Los Angeles akakisoma na kupeleka muswada. Septemba 1972 jeshi likafuta neno lile na kuandika kwamba wote 167 waliachishwa kwa heshima. Malipo ya nyuma? Hakuna. Ikabidi bunge lipitishe sheria nyingine, na Willis akapewa dola 25,000. Februari 1973, siku aliyotimiza miaka 87, alikabidhiwa cheti chake kipya kanisani. Wenzake karibu wote walikuwa wameshazikwa na neno la zamani. Alifariki mwaka 1977.

Siku hizi ipo njia iliyonyooka zaidi, angalau kwa maandishi. Sheria ya mwaka 1946 iliwazuia wabunge kupitisha miswada ya kumsafisha askari mmojammoja, ikaruhusu bodi za raia za kurekebisha rekodi za kijeshi. Unajaza fomu nambari 149, unaambatisha vielelezo. Henry Flipper, mweusi wa kwanza kuhitimu West Point, aliyefukuzwa mwaka 1882, alisafishwa na bodi hiyo mwaka 1976, miaka 36 baada ya kufa. Novemba 2023 ikawa zamu ya askari 110 wa Houston waliohukumiwa kufuatia ghasia za mwaka 1917. Kumi na tisa walinyongwa, na 13 wa kwanza walipanda kitanzini kabla hata hawajapewa nafasi ya kukata rufaa. Familia zikaambiwa zijaze fomu ileile.

Mzigo wa kuthibitisha ni wa mwombaji, hapo ndipo penye mchezo. Julai 1973, moto uliteketeza majalada ya wanajeshi milioni 16 hadi 18 huko St. Louis. Wajane wengi bado wanaomba jeshi lisahihishe karatasi ambayo jeshi lenyewe liliiacha iungue.

Niliisoma fomu hiyo yote usiku mmoja, sijui kwa nini, hainihusu. Kuna mahali panauliza ni tarehe gani uligundua kosa, na kama imepita miaka mitatu, ueleze kwa nini usikilizwe. Willis angejaza nini hapo? Aligundua siku ileile, wakati anavua sare.

Cheti cha babu anacho mama, kwenye sanduku la chuma, chini ya kanga. Wiki iliyopita nilimuuliza kama angependa tukitafutie marekebisho. Aliliangalia lile jina muda mrefu, akakikunja, akaniambia kijiji chenyewe nacho kilishahamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, kwa hiyo hapo ndipo pekee palipobaki kilipoandikwa.