Fimbo Mbili na Bakuli la Unga

Konzo ni ugonjwa unaopimwa kwa fimbo. Anayetembea bila kushika kitu huandikwa kuwa na konzo nyepesi. Anayehitaji fimbo moja au mbili, au magongo, yuko daraja la kati. Asiyeweza kutembea kabisa ndiye mwenye konzo kali. Kipimo hicho cha Shirika la Afya Duniani hakidai mashine wala maabara, kinadai jicho la mtu anayejua kutazama mwendo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 jicho hilo lilihitajika katika vijiji vya Mbinga, mwendo wa kilomita kama mia moja magharibi ya Songea.

Ugonjwa wenyewe huja ghafla. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa yote miwili, au anarudi shambani na nusu ya njia magoti yanakataa. Akijitahidi kutembea, huenda kwa vidole vya miguu huku magoti yakipishana kama makali ya mkasi. Wanaoupata zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Konzo haiui, haizidi na haiponi. Neva zinazoamrisha misuli zikishaharibika ndiyo basi, na mgonjwa anabaki na miguu ile ile kwa miaka yote atakayoishi. Daktari wa dawa hana mengi ya kumpa, kwa hiyo kesi inaangukia mikononi mwa fundi wa viungo.

Fani ya fundi huyo ina umri mdogo kuliko watu wanavyodhani. Ni mwaka 1894 ambapo wauguzi wanne jijini London waliunda chama cha wakandaji waliosomea, wakitaka kazi ya kukanda iheshimiwe, na chama hicho ndicho kilichokuja kuwa chama cha wafiziotherapia wa Uingereza. Kukanda kwenyewe, bila shaka, hakukusubiri London. Kote Tanzania wazee walijua kuchua mguu ulioteguka kwa mafuta na maji ya moto, na wapo waliojua kuunga mfupa kwa vijiti na kamba kabla hospitali haijajengwa. Kilichokuwa kipya ni cheti, na ule mpangilio wa kumfundisha mgonjwa afanye kazi yeye mwenyewe. Ndiyo maana hadi leo mgonjwa akitumwa kwenye chumba cha fiziotherapia huwaambia wenzake kwamba ameandikiwa "mazoezi". Jina hilo ni sahihi kuliko la kitaalamu.

Tanzania, cheti hicho kilipatikana Moshi. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, na muda mfupi baadaye, mwanzoni mwa muongo huo huo, shule ya fiziotherapia ikaanza pale pale chini ya Mlima Kilimanjaro. Wagonjwa hawakukosekana, maana polio bado ilikuwa inalemaza watoto. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili nchini alionekana mwaka 1996. Mwaka 1981 ikaongezwa jirani yake TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kusaidia viungo, kwa msaada wa Wajerumani, kikapokea wanafunzi hata kutoka nje ya mipaka ya nchi. Mmoja anasomea kunyoosha goti, mwingine anasomea kulitengenezea chuma, na wote wanakutana kwa mgonjwa yule yule. Kilipoanzishwa chuo kikuu cha tiba hapo KCMC mwaka 1997, njia ikawa imefunguka ya fani hizi kusomewa hadi shahada.

Kutoka Moshi hadi Songea ni zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara. Umbali huo unaeleza mengi. Vyuo vikubwa vilikuwa kaskazini na Dar es Salaam, na kwa muda mrefu mkoa wa Ruvuma ulihesabiwa kuwa mwisho wa dunia kwa mtumishi aliyepangiwa kazi huko. Tiba ya kimisheni ilikuwa na mizizi Peramiho, ambako Wabenediktini walifungua misheni mwaka 1898, kilomita zisizofika thelathini kutoka Songea mjini. Hospitali yao ya Mtakatifu Yosefu iliwavuta wagonjwa wa kusini nzima. Hata hivyo fiziotherapia haifanani na upasuaji. Upasuaji unakwisha siku moja, mazoezi yanadai miezi, na hakuna familia ya mkulima inayoweza kuacha shamba miezi mitatu kumuuguza mgonjwa wodini.

Shamba lenyewe lina historia yake. Wajerumani walipoizima vita ya Majimaji katika Ungoni, hawakutosheka na kumnyonga Nduna Songea Mbano na wenzake zaidi ya sitini mapema mwaka 1906. Walichoma maghala na mashamba, na njaa iliyofuata ikamaliza watu wengi kuliko risasi. Waingereza waliokuja baadaye waliishughulikia njaa kwa sheria: katika sehemu nyingi za Tanganyika kila kaya ililazimishwa kuwa na shamba la muhogo wa akiba. Amri hiyo ilikuwa na mantiki, kwa kuwa muhogo unavumilia ukame na unaweza kukaa ardhini hadi siku ya shida. Ule mchungu una sifa moja ya ziada ambayo mkulima wa porini anaipenda: nguruwe na nyani hawaufurahii, na mwizi naye hana haraka nao.

Uchungu huo ni ishara ya sumu. Ndani ya muhogo mchungu kuna kemikali ambayo mzizi ukisagwa au kutwangwa huachia sayanidi. Ukilowekwa siku kadhaa hadi ulainike, ukaanikwa vizuri, sumu huondoka karibu yote. Kina mama wa kusini wanaijua kazi hiyo tangu zamani, na unga wa namna hiyo wanauita kivunde. Makopa, yaani vipande vilivyomenywa na kuanikwa tu bila kulowekwa, hubaki na sumu zaidi. Hatari kubwa ni njia ya mkato ya mwaka wa njaa: muhogo mbichi unatwangwa asubuhi, unaanikwa, na jioni ni ugali. Masasi waliuita chinyanya, na mwaka 1988 watu waliokula muhogo ambao haukuandaliwa vya kutosha walidhurika kwa sumu huko. Mwili unajua kuivunja sayanidi, ila unahitaji protini ili kufanya hivyo. Mwenye maharage au dagaa pembeni ya ugali ana kinga dhidi ya konzo ambayo mwenye ugali mtupu hana.

Daktari Mwitaliano, Giovanni Trolli, ndiye aliyeueleza ugonjwa wa konzo kwa maandishi mwaka 1938, kutoka Kwango katika Kongo ya Wabelgiji. Neno konzo ni la Wayaka wa huko. Mwaka 1981 ukalipuka Nampula, Msumbiji, ukapooza watu zaidi ya elfu moja. Miongoni mwa madaktari waliokuwa kule ni Msweden kijana, Hans Rosling, ambaye dunia ilikuja kumjua baadaye kwa michoro yake ya takwimu. Mwaka 1985 ukame ukauleta Tarime. Utafiti wa Tarime ulioandikwa na Rosling, George Brubaker wa Hospitali ya Shirati, Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe, na William Howlett, ambaye kwa miaka mingi alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu KCMC, ulichapishwa mwaka 1990. Kwa hiyo konzo ilipotokea Mbinga na Mtwara, haikuwa ngeni kwa watafiti wa nchi hii.

Mlingi alikwenda kusini pia. Pamoja na wenzake, akiwemo Howard Bradbury, mkemia kutoka Australia, alichapisha mwaka 2011 habari za vijiji vya wilaya hizo mbili. Kinachovutia katika kazi hiyo ni kwamba waliunganisha mambo ambayo kwa kawaida huenda na wizara mbili tofauti. Waliopooza walishughulikiwa upande wa utengamao, na wakati huo huo wanawake wa vijiji vile vile walifundishwa namna mpya ya kuandaa unga.

Namna hiyo haina gharama. Unga mkavu unatiwa kwenye bakuli na kusawazishwa, kisha ndani ya bakuli inawekwa alama mahali unga ulipofika. Maji yanaongezwa huku yakikorogwa. Unga kwanza unashuka, halafu unapanda, na ukirudi kwenye alama maji yametosha. Unatandazwa mwembamba juu ya jamvi, kwa saa mbili juani au kwa saa tano kivulini, sayanidi ikitoka na hewa. Siku hiyo hiyo unasongwa ugali. Bradbury aliibuni njia hii katika maabara, lakini iliyoipitisha ni mikono ya kina mama, maana haikuwaongezea kuni wala safari ya kisimani.

Upande wa miguu, kazi inafuata fikra iliyoanza kushika baada ya mkutano wa Alma-Ata wa 1978 kuhusu huduma ya afya ya msingi, kwamba maarifa ya chuoni yapelekwe nyumbani na ndugu wa mgonjwa awe ndiye mwalimu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1989 uliandikwa kwa ajili hiyo. Miti miwili inachimbiwa sambamba uani, ikifika kiunoni, na mgonjwa anajifunza kusimama katikati yake. Kila siku mtu anaukamata unyayo na kuukunja taratibu kuelekea juu, kwa sababu kano ya kisigino ikiachwa itafupika, na mtoto ambaye angetembea kwa fimbo atabaki akitambaa. Neva hazirudi, lakini kano inaokolewa.

Fimbo nayo ina kipimo chake. Mgonjwa anasimama wima akiwa amevaa viatu kama anavyo, mkono unaning'inia, na kichwa cha fimbo kinafika kwenye kifundo cha mkono. Ikiwa ndefu inainua bega, ikiwa fupi inamkunja mgongo. Mti wa kuikata haukosekani Mbinga. Kwa mtoto wa miaka sita hesabu hiyo inarudiwa kila anapokua, na anayeirudia ni kaka mtu, na panga mkononi.