Wati-saa: Kipimo cha Kuanzia Unapofunga Sola kwenye Karavani

Mtu anayetaka kufunga sola kwenye karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, huingia dukani na swali moja: paneli ya wati ngapi itanitosha? Hakuna awezaye kumjibu kwa hilo tu. Muuzaji mwaminifu atamuuliza kwanza anatumia wati-saa ngapi kwa siku, na hapo wengi hukwama, kwa sababu istilahi hiyo hawajaizoea, au wameizoea kwa sura iliyopotoka: "wati kwa saa".

Sura hiyo imeenea mno, hata katika maandishi ya watu wanaolijua vizuri suala la umeme, na naomba tuiache. Katika Kiswahili, neno "kwa" likisimama kati ya vipimo viwili hugawanya. Basi linakwenda kilomita 80 kwa saa. Kibarua analipwa shilingi kadhaa kwa siku. Wati, kipimo kilichopewa jina la James Watt kwa pendekezo la William Siemens mwaka 1882, tayari ni kasi: ni juli moja ya nishati kila sekunde. Anayesema "wati kwa saa" ameigawa kasi kwa muda mara ya pili, na jibu lake si kiasi cha umeme tena. Wati-saa ni tendo la kuzidisha. Chukua wati za kifaa, zidisha kwa saa ambazo kifaa kimewaka, umepata nishati iliyotumika. Kile kistari katikati ya maneno mawili kina kazi. Ndicho kinachomwambia msomaji kwamba vipimo hivi vimezidishwa.

Wala kipimo chenyewe si kigeni kwetu. Anayenunua umeme wa LUKU Tanzania au tokeni Kenya huhesabu uniti, na uniti moja ni kilowati-saa 1, yaani wati-saa 1000. Tofauti ni kwamba kwenye karavani uniti hazinunuliwi kwa simu zikiisha usiku. Ulichokusanya mchana ndicho utakachokula mpaka kesho yake.

Umuhimu wa kuzidisha unaonekana haraka ukiweka birika la umeme kando ya friji. Birika la wati 2000 likiwaka dakika 5 hula kama wati-saa 167. Friji ndogo ya kompresa, ya volti 12, huenda ikavuta wati 45 tu, lakini katika joto kompresa yake yaweza kufanya kazi jumla ya saa 10 kwa siku: wati-saa 450. Kifaa kilichoonekana kidogo dukani kimelishinda birika karibu mara tatu. Birika nalo lina madhara yake ya namna nyingine, kwa sababu linadai inveta kubwa, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi, na wati 2000 kwenye volti 12 ni zaidi ya ampea 160, mkondo unaotaka nyaya nene na fyuzi ya kufaa, la sivyo nyaya zinaungua. Ndiyo maana wakazi wa karavani wenye uzoefu huchemsha chai kwa gesi.

Tuendelee na hesabu ya familia ndogo iliyopiga kambi. Friji 450. Taa nne za LED za wati 5, saa 4 kila moja: 80. Kompyuta mpakato ya wati 50, saa 3: 150. Feni ya wati 20, saa 4: 80. Simu mbili 30, na pampu ya maji, ambayo huwaka dakika chache tu kwa siku, 10. Jumla ni wati-saa 800. Tarakimu hii ndiyo msingi wa kila kitu kinachofuata, na anayeikisia tu atanunua mara mbili.

Kuhusu friji lazima niongeze neno, maana karavani nyingi za Ulaya huja na friji ya aina nyingine, inayoweza kutumia gesi, umeme wa gridi au volti 12. Katika volti 12 friji hiyo huvuta wati 100 au zaidi, tena bila kupumzika. Imewekewa njia hiyo kwa ajili ya safari, injini ya gari linaloivuta ikiwa inazalisha umeme. Ukiegesha, iwashe kwa gesi. Ukiiacha kwenye betri, itaimaliza kabla hakujapambazuka, kisha lawama zitaangukia paneli isiyo na kosa.

Betri nazo huuzwa kwa kipimo kingine, ampea-saa, ambacho peke yake hakisemi kiasi cha nishati mpaka uzidishe kwa volti. Betri ya ampea-saa 100 yenye volti 12 hubeba wati-saa 1200. Ya volti 24, yenye ampea-saa zilezile, hubeba 2400. Na si zote za kutumiwa. Betri ya risasi na asidi hudumu zaidi usipoishusha chini ya nusu. Ya lithiamu aina ya LiFePO4 huvumilia kutumiwa asilimia 80 au zaidi. Familia yetu ikitaka akiba ya siku mbili za mawingu, wati-saa 1600, inahitaji betri za asidi za wati-saa 3200, karibu ampea-saa 267 katika volti 12. Kwa lithiamu zinatosha wati-saa 2000, karibu ampea-saa 167. Bei ya lithiamu humshtua mnunuzi, lakini karavani ina kikomo cha uzito kisheria, na betri za asidi ni nzito sana. Kwa nyumba isiyosogea ningeweza kuzitetea. Kwa nyumba inayovutwa barabarani, naona lithiamu inastahili gharama yake.

Sasa ndipo paneli inapoingia. Wati zilizoandikwa nyuma yake zimepimwa maabara, kwa mwanga wa wati 1000 kwa kila mita ya mraba na seli zenye nyuzijoto 25. (Hapo "kwa" iko mahali pake, kweli tunagawanya.) Jua halikai katika nguvu hiyo mchana kutwa. Kwa hiyo wataalamu hukusanya mwanga wote wa siku, ule hafifu wa asubuhi na jioni ukiwemo, na kuuliza: ungekuwa sawa na saa ngapi za jua la nguvu ile ya maabara? Napendekeza tuziite saa za jua la utosi, kwa kuwa jua la utosi ni usemi tulio nao tayari, na kila aliyetembea juani adhuhuri anaujua ukali wake. Dodoma hupata kwa wastani kati ya saa 5 na 6 za namna hiyo kwa siku, ingawa mchana una saa 12.

Gawanya 800 kwa 5, unapata wati 160, lakini usinunue bado. Paa la karavani hupata moto, na paneli za silikoni hupoteza kama asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi inayozidi 25. Seli zikifika 65, asilimia 16 imekwenda, ndiyo sababu nasisitiza paneli iinuliwe kidogo ili hewa ipite chini yake. Kuna vumbi, kuna kivuli cha antena, kuna upotevu wa inveta. Na kuna kidhibiti chaji, ambacho mafundi huita chaji kontrola. Kile cha aina ya PWM huilazimisha paneli ishuke hadi volti za betri, hivyo paneli ya wati 100 inayofanya kazi vizuri zaidi katika volti 18 hutoa kama 72 tu betri ikiwa na volti 13. Cha MPPT huiacha paneli ifanye kazi katika volti zake, kisha hubadilisha umeme huo ufae betri. Kwa paa lenye nafasi finyu, chagua MPPT. Hata hivyo kadiria kwamba asilimia 70 tu itafika kwenye matumizi: 160 gawanya kwa 0.7 ni karibu wati 230.

Wati 230 zinaenea juu ya paa la karavani bila shida. Ipeleke karavani hiyohiyo kusini mwa Uingereza mwezi Juni, hesabu inakaribia kubaki ileile, maana mchana ni mrefu. Ikifika Desemba, paneli iliyolala bapa huko haipati hata saa 1 ya jua la utosi kwa siku. Wati-saa 800 zingedai zaidi ya wati 1100 za paneli, na paa haliwezi. Wakati huo karavani huunganishwa na umeme wa gridi kambini, au betri huchajiwa na gari barabarani kupitia kifaa maalumu cha kuchaji, na paneli huachwa ifanye kazi iliyobaki: kuizuia betri isishuke kabisa karavani ikiwa imeegeshwa mpaka machipuko.