Corolla bila bampa: kipi kinaweza kutoka, kipi kinapaswa kubaki

Butembo na Beni, gari dogo la familia ni mara nyingi Toyota Corolla ya miaka ya 1990. Asubuhi linapeleka watoto kwenye masomo, siku ya soko linabeba mizigo ao abiria. Kati ya magari hayo, kuna yanayotembea bila bampa, ile mafundi wengi wanaita pare-choc. Wenye gari wengine waliitoa wenyewe, wengine iliwaangukia barabarani. Lakini kutoa bampa ni jambo moja, kuacha gari bila kinga ni lingine.

Sababu ya bampa kutoka

Corolla ya kwanza ilitengenezwa Japani mwaka 1966. Zile za zamani ambazo bado tunaziona ni kama aina ya E100, iliyoanza mwaka 1991, na E110, iliyoanza mwaka 1995. Nyingi zilitumika kwanza inje ya Afrika, kisha zikashuka kwenye bandari ya Mombasa, zikavuka Kenya na Uganda na kuingia Congo kupitia mpaka wa Kasindi.

Toka Kasindi mpaka Beni ni karibu kilomita 80, na toka Beni mpaka Butembo ni karibu kilomita 54. Gari lililoundwa juu ya lami linakutana na mashimo, matope na mawe. Likiwa limejaa watu, tumbo linashuka, na bampa ndiyo inagusa udongo ya kwanza. Ikigusa mara mingi vishikizo vinakatika, plastiki inaanza kuburuta. Mwenye gari anaifunga na kamba, mwisho anaitoa kabisa.

Bampa ni vitu viwili

Hapa ndipo watu wengi wanachanganya. Kile tunaona inje ni ganda la plastiki. Nyuma yake kuna chuma kinachokatisha upana wa gari, kimefungwa na buloni kwenye shasi. Chuma hicho ndicho kinapokea pigo na kuligawa pande mbili, ili lisifike moja kwa moja kwenye radiyata.

Zamani bampa ilikuwa chuma kinachong'aa. Renault 5 ya mwaka 1972 ni kati ya magari ya kwanza kupewa bampa za plastiki. Marekani iliomba magari ya mwaka 1973 yavumilie pigo la mbele la kilomita 8 kwa saa. Mwaka 1982 ikashusha kipimo mpaka kilomita 4. Ni kusema, bampa haikuundwa kwa ajali kubwa. Inalinda taa, radiyata na kapo katika migongano midogo ya kila siku.

Namna ya kuitoa

1. Simamisha gari mahali pa sawa, vuta breki ya mkono. Kama gari lina mfuko wa hewa wa usalama (airbag), zima moto, tosha waya wa hasi kwenye batri na ngojea angalau sekunde 90.
2. Fungua kapo. Tosha buloni na vishikizo vya juu. Mara nyingi ufunguo namba 10 na turnavisi vinatosha. Kwa modeli zingine grili inatoka kwanza.
3. Tosha visi karibu na matairi ya mbele, kisha zile za chini.
4. Kama kuna taa ndani ya bampa, chomoa waya zake mbele ya kuvuta.
5. Vuta kwanza pembeni, kushoto na kuume, kisha vuta kuja mbele. Muwe wawili, mtu mmoja anaweza kuipasua.

Bampa ya nyuma ni vilevile, lakini angalia ndani ya kofre: buloni zingine zimefichwa nyuma ya kitambaa cha pembeni.

Weka visi zote katika mkopo mmoja. Kwa Corolla zingine za zamani, ganda na chuma vinatoka pamoja. Hapo ndipo gari linarudi barabarani bila ganda, bila chuma, na mwenye gari hajui.

Kisichofaa kuachwa

Gari bila chuma, hata kugongana kidogo na piki piki kunaweza kutoboa radiyata. Na gari lenye chuma bila ganda linaacha ncha kali inje, sawasawa na urefu wa mguu wa abiria wa piki piki ao wa mtoto. Katika soko ambamo watu na magari wanabanana, jeraha hilo halihitaji mwendo wa mbio.

Kwa hiyo, kama ganda limevunjika, chuma kirudishwe palepale, na ganda litengenezwe haraka. Angalia ndani yake: kama kuna herufi PP, ni plastiki ambayo gundi ya kawaida haishiki vizuri. Fundi anaishona kwa kuipasha moto na kutia waya ndani ya ufa. Plake ya namba nayo ifungwe mahali inaonekana vizuri, mbele na nyuma.

Na kwa yule anayenunua Corolla ya zamani: piga magoti, angalia nyuma ya ganda la plastiki. Kama chuma hakiko, kiulize mbele ya kutoa pesa.