Vichaka na Maua ya Kudumu kwa Uwanja wa Mbele: Mwongozo kwa Nyumba za Maskati na Jirani Zake

Uwanja wa mbele ndio unaompokea mgeni kabla ya mwenye nyumba. Kwa nyumba nyingi za kwetu hapa Ghuba ni kipande kidogo tu kati ya geti na mlango, na masharti yake ni magumu. Maskati joto hupita nyuzi 40 wakati wa kiangazi, mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 100 hivi, na udongo ni wa chokaa. Kwa hiyo mmea uchaguliwe kwanza kwa kustahamili jua, chumvi na kiu, uzuri ufuate.

Kabla ya kununua

Tazama mambo matatu.

1. Jua. Ukuta unaoelekea magharibi hushika joto la alasiri mpaka usiku. Ukuta wa mashariki hupata jua la asubuhi, ambalo ni la upole.
2. Maji. Maji ya bomba ya Maskati kwa sehemu kubwa ni ya bahari yaliyoondolewa chumvi. Visima vingi vya pwani ya Batinah vimeingiwa na maji ya bahari kwa sababu ya kuvutwa kupita kiasi. Mwenye kisima cha chumvi asijaribu mwasmini.
3. Mabomba. Jua yanapopita mabomba ya maji safi na ya maji machafu kabla ya kuchimba shimo.

Msimu wa kupanda ni Oktoba hadi Machi. Anayepanda Oktoba au Novemba huupa mmea miezi ya kutosha kushika mizizi kabla ya joto.

Vichaka vinavyofaa

*Bogenvilia.* Hupenda jua kali na ukuta wa magharibi. Ile rangi tunayoiona ni majani. Ua lenyewe ni dogo na jeupe katikati. Ikinyweshwa sana hutoa majani mabichi na kuacha kuchanua. Ina miiba, basi iwe mbali na njia ya watoto.

*Mhina.* Ni mmea wa nyumbani Oman na Uswahilini vilevile. Hustahamili ukame, hukubali kukatwa ukawa ua wa mpaka, na maua yake hunukia. Majani hukaushwa na kusagwa kwa mahitaji ya harusi na sikukuu.

*Mwasmini.* Bila huu hakuna kikuba. Upande upande wa mashariki, karibu na mlango au dirisha, na uupe maji ya mara kwa mara na kivuli cha alasiri. Majani yakigeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, mmea umekosa madini ya chuma, ambayo udongo wa chokaa huyazuia.

*Waridi la jangwani.* Huota wenyewe Dhofar na Afrika Mashariki pia. Shina lake nene huweka maji. Wakati wa baridi punguza maji, la sivyo shina litaoza. Utomvu wake ni sumu.

Mimea ya chini ya kudumu

Vinka, ambayo asili yake ni Madagaska, huchanua hata katika joto kali, ila hufa mizizi ikikaa majini, nayo si ya kutafunwa. Mshubiri hutaka maji kidogo sana. Mrehani ukatwe vichwa kabla haujatoa mbegu; ukiachwa huzeeka upesi. Chukua vipandikizi kila msimu.

Ya kuepuka

*Oleanda*, ambayo Waarabu huiita difla na Oman hujulikana pia kwa jina la habani, huota katika mabonde na huuzwa kwa uzuri wake. Kila sehemu yake ni sumu inayoshika moyo, na hata moshi wa kuni zake una madhara. Nyumba yenye wajukuu au mbuzi isiiweke. Mtoto akitafuna jani lake, mpeleke hospitali papo hapo, usingoje dalili, na chukua tawi ukamwonyeshe daktari.

*Damasi* hukua haraka na kuficha ukuta kwa muda mfupi, ndiyo maana wengi huipanda. Mizizi yake hufuata maji mpaka ndani ya mabomba, na gharama ya kufukua hupita faida ya kivuli.

*Ghafu bahari* si ghafu ya asili ya Oman. Ni mti uleule uliowasumbua wafugaji wa Baringo, Kenya, ambako huitwa mathenge. Ukichomoza uwanjani, ung'oe ungali mdogo.

Kupanga na kunywesha

Vichaka virefu viwe nyuma, vifupi mbele, na aina tatu au nne zatosha. Nywesha alfajiri au baada ya magharibi, kwa mpira wa matone, maji yashuke chini. Funika udongo kwa kokoto. Maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi hayana chumvi. Yakinge ndoo kwa ajili ya mwasmini.

Anayekaa nyumba ya kupanga atumie vyungu vikubwa vya udongo au vya rangi nyeupe. Chungu cheusi juani huchoma mizizi.

Nje ya Maskati

Salalah, kwa manyunyu ya kharifu, hukubali hata minazi na migomba. Jabal Akhdar, kwenye mita 2,000 hivi, hustawisha mawaridi ya marashi kwa sababu ya baridi yake. Mche wa huko usiutarajie ufanye vivyo hivyo Seeb au Ruwi. Nunua mche uliokuzwa penye joto kama la mtaani kwako.