Kitako cha Bakuli, Mdomo wa Chungu

Mjuzi wa vyombo vya Kichina akipewa bakuli kuukuu hatazami maua yake kwanza. Huligeuza. Pete ya kitakoni haikupakwa ule utando unaong'aa, kwa hiyo hapo udongo unaonekana ulivyo, pamoja na alama za kisu kilichouchonga. Mara nyingine kuna punje za mchanga zilizonasa tanurini, kama katika vyombo vya Zhangzhou vilivyouzwa ng'ambo kwa wingi mwishoni mwa nasaba ya Ming. Katikati ya pete huenda pakaandikwa enzi ya mfalme, na maandishi hayo ndiyo yanayowapoteza wengi. Mafundi wa mji wa Jingdezhen katika enzi ya Kangxi (1662–1722) waliandika mara nyingi jina la Chenghua, mfalme wa karne ya 15, kwa kuienzi kazi ya zamani. Mwaka 1677 walipokatazwa kuandika jina la mfalme wao, wengine walichora jani, au pete mbili tupu. Basi jina lisadikiwe mwisho, baada ya udongo, rangi na uzito.

Chukua sasa chungu cha huku Mlima Kenya, kile ambacho wazee wa kwetu Kibugu wanakikumbuka jikoni. Ukikigeuza huambulii kitu. Kitako chake ni cha mviringo, kwa kuwa kilifinyangwa kikae juu ya mafiga. Kwa jirani zetu Wakikuyu ufinyanzi ulikuwa kazi ya wanawake, nao walianza na nusu ya juu. Walijenga mdomo na mabega, wakaviacha vikauke kiasi, kisha wakakipindua chungu na kukifunga kitako. Umri wa chungu hutafutwa mdomoni: unavyopinda, unene wake, mapambo yaliyochorwa chini yake. Kwa njia hiyo mwanaakiolojia Robert Soper, katika miaka ya 1960, aliutambua ufinyanzi wa Kwale kwa midomo yake yenye michirizi na kingo zilizokatwa mshazari, na mkaa uliopimwa maabara ukaurudisha hadi karne za mwanzo baada ya Kristo. Huku kwetu juu, Ari Siiriäinen alichimba Gatung'ang'a, Nyeri, na aina ya vyungu alivyovikuta ikapewa jina la mahali hapo.

Pwani njia hizi mbili zinakutana. James Kirkman alipoanza kuchimba Gedi mwaka 1948, alizipa kuta na makaburi umri kwa vigae vya Kichina: vya kijani vya Longquan, halafu vya buluu na nyeupe. Njia hiyo ina nguvu, maana tanuri za China zinajulikana. Lakini bakuli hurithiwa. Liliwekwa kwenye zidaka za nyumba za Lamu, likapita kwa mama hadi binti, au likapachikwa kwenye nguzo ya kaburi kama ile ya Mambrui. Kigae kilichonasa ndani ya ukuta kinathibitisha kwamba ukuta haukujengwa kabla yake, basi. Huenda ulijengwa miaka themanini baadaye. Ndiyo maana meli ya Kireno Santo António de Tanna, iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, ina thamani kubwa: vyombo vyote vilivyokuwamo vilishuka baharini pamoja.

Kwa maoni yangu tumeuegemea mno ushahidi uliovuka bahari. Huko Shanga, kisiwani Pate, alikochimba Mark Horton miaka ya 1980, vigae vya vyungu vya kienyeji vimo tangu tabaka za chini kabisa, na ni vingi kupita vyote vilivyoletwa kwa jahazi. Aliyefinyanga vyungu hivyo hakuandika jina la mfalme yeyote, lakini mdomo wa chungu chake unasomeka, na unastahili kusomwa kwa makini ile ile anayopewa fundi wa Jingdezhen.

Ndugu yangu wa Kibugu, jembe likigonga kigae kwenye chai au mibuni, usikitupe ukingoni mwa shamba. Usikioshe kwa nguvu, kwani masizi yaliyokigandia yanaweza kupimwa umri. Andika kilipotoka na kina chake, okota hasa vipande vya mdomo, kisha uwaarifu Makumbusho ya Taifa, kama inavyotaka Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006.