Wangechi Mutu na Mzigo wa Utambulisho

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuhakiki kilichoandikwa. Tukitaja fani na maudhui, mawazo yetu hukimbilia riwaya, ushairi na tamthilia. Katika makala hii nitajaribu kutumia zana hizo hizo kwa msanii asiyeandika: Wangechi Mutu, mchongaji wa Kenya anayefanya kazi kwa karatasi, udongo, shaba na video. Nia yangu si kupanua mihtasari yetu tu. Kila jina lake linapotajwa huzuka swali lile lile: hivi huyu ni wetu, au ni wa Wamarekani? Kwa maoni yangu swali hilo lenyewe ni mzigo, na historia ya kazi zake inaonyesha jinsi mzigo unavyotuliwa.

Mutu alizaliwa Nairobi mwaka 1972. Alisoma shule ya watawa ya Loreto, Msongari, kisha akaenda Wales, na baadaye New York. Alipata shahada ya kwanza Cooper Union mwaka 1996 na ya uzamili katika uchongaji Yale mwaka 2000. Kwa miaka mingi hakuweza kurudi nyumbani kwa sababu ya mambo ya uhamiaji. Mtaani tungesema hakuwa na makaratasi. Na ni karatasi hasa iliyompa jina mchongaji huyu. Alikata picha katika magazeti ya mitindo, ya safari, ya pikipiki, hata ya ngono, akaziunga na rangi kuwa wanawake wa ajabu. Katika seti moja ya picha 12, nyuso hizo zimebandikwa juu ya kurasa kuukuu za kitabu cha tiba zenye michoro ya uvimbe wa mji wa mimba.

Hapa fani na maudhui haviachani. Magazeti na vitabu vya namna hiyo ndivyo vilivyojipa kazi ya kumweleza mwanamke Mwafrika kuwa yeye ni nani. Mutu anavijibu kwa mkasi.

Wahakiki wengi wa Magharibi huwaita viumbe hawa mchanganyiko: nusu huku, nusu kule. Mimi sikubaliani nao, na ushahidi wangu uko katika lugha yetu. Mwaka 2014 Mutu alifanya maonyesho London, akayapa jina la Kiswahili: Nguva na Nyoka. Nguva, kama tujuavyo, ni mnyama wa baharini anayenyonyesha, ambaye siku hizi ni adimu mno katika pwani yetu. Papo hapo ni yule mwanamke-samaki wa hadithi anayewavuta watu majini. Sasa jamani, katika hadithi nguva hasimuliwi kama mtu aliyepungukiwa nusu. Ni kiumbe kamili, tena wa kuogopwa. Mwaka 2017 Mutu alimchonga nguva huyo akiwa ameketi, kazi iitwayo Water Woman, kwa ile shaba inayoyeyushwa pamoja na bati. Picha ya kubandika huacha mshono uonekane. Shaba na bati vikishayeyuka pamoja, nani atavitenganisha?

Suala la nani anamwakilisha nani lilijitokeza wazi Venice. Mwaka 2013 banda la Kenya kwenye maonyesho makubwa ya huko lilijaa wasanii kutoka China. Mwaka 2015 ikatangazwa orodha ya namna hiyo hiyo. Wasanii wa Kenya wakapiga kelele mpaka serikali ikalikana banda hilo. Mwaka huo huo Mutu alikuwapo Venice, lakini katika maonyesho makuu yaliyoandaliwa na Okwui Enwezor wa Nigeria, wala si kwa tiketi ya taifa. Video yake, The End of Carrying All, inamwonyesha mwanamke, ambaye ni Mutu mwenyewe, akitembea nyikani na kikapu kichwani. Kila akipiga hatua mzigo unakua: vyombo, gurudumu, hata majengo. Anainama, anainama zaidi, mwishowe ardhi inammeza.

Kipindi hicho alianza tena kufanya kazi Nairobi, huku akiendelea New York. Udongo, mbao na vibuyu vikaingia katika sanamu zake. Kisha mwaka 2019 jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, likampa vishubaka vinne vya ukuta wake wa mbele, vilivyokuwa vitupu tangu mwaka 1902. Akaweka wanawake wanne wa shaba. Ikumbukwe kuwa Wagiriki walichonga wanawake wanaobeba paa la hekalu, na Waluba wa Kongo wakachonga wanawake wanaobeba kigoda cha mtawala. Wanawake wa Mutu hawabebi kitu. Wametulia, na sahani zinazong'aa, mdomoni mwa mmoja, machoni mwa mwingine, zinamrudishia mtazamaji mwanga. Ukisoma sanamu hizi baada ya ile video ya 2015, utaona ni sura ya pili ya hadithi moja: mzigo umetuliwa.

Wapo watakaosema, eti uzuri wote huo una faida gani ikiwa kazi zenyewe ziko New York na London, na wengi wetu twaziona pichani tu? Hoja hiyo ni nzito, wala siipuuzi. Lakini anayepaswa kuijibu si Mutu. Ni wenye majumba ya sanaa, ni serikali zetu, na ni sisi wahakiki. Tukimdai kila msanii abebe taifa zima kichwani, tunamrudisha kwenye ile nyika ya kwenye video. Yeye kaziita kazi zake kwa Kiswahili mbele ya watu wa London. Sisi je, tumeandika nini kuzihusu kwa lugha hiyo hiyo? Nawaachia wenzangu na walimu wetu mjadala huo.