Gitaa la solo halishindi kwa kelele

Lipo swali ambalo wapenzi wa muziki wa dansi hawachoki kulibishania. Kwa nini mpiga solo wa bendi hii husikika kila noti, na wa bendi ile, tena hodari kumshinda, humezwa na ngoma na besi hata akifungua amplifaya yake mpaka mwisho? Juma hili nalitafutia jibu kwenye muziki wa roki, maana huko ugomvi huu ulikuwa mkali zaidi na ushahidi wake umebaki katika santuri.

Tuanze mbali kidogo. Katika bendi kubwa za jazi za Marekani miaka ya 1930, mpiga gitaa alikuwa kama mgeni asiyealikwa. Mbele yake tarumbeta na saksafoni zinanguruma, yeye anakwaruza mdundo ambao wachezaji hawausikii. Mwaka 1936 kampuni ya Gibson ikatoa gitaa la umeme liitwalo ES-150, na mwaka 1939 kijana Charlie Christian akaingia nalo katika kundi la Benny Goodman, akawa anapiga noti mojamoja kama mpuliza saksafoni. Alifariki mwaka 1942 akiwa na miaka 25 tu, lakini mlango alikwisha kuufungua.

Umeme ukamaliza tatizo? Hata kidogo! Ilipofika miaka ya 1960 kila mtu alikuwa nao: besi ina umeme, ngoma zina maikrofoni, mwimbaji naye ana yake. Mmoja akipandisha sauti, mwenzake naye anapandisha. Ikawa soko la samaki.

Sasa tuwatazame Queen wa Uingereza, kundi la Freddie Mercury, ambaye alizaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Mpiga solo wao, Brian May, alianza kulitengeneza gitaa lake nyumbani mwaka 1963 akisaidiwa na baba yake. Shingo yake waliichonga kutoka ubao wa zamani wa mahali pa kuotea moto. Badala ya kipande cha plastiki, alipiga nyuzi kwa sarafu ya peni sita ya Kiingereza. Gitaa hilo lina pikapu tatu, yaani vile visumaku vya kunasa sauti chini ya nyuzi, na kila moja ina swichi ya kuigeuza ifanye kazi kinyume na mwenzake. Pikapu mbili zikipingana, sauti nene zinafutana na inabaki sauti nyembamba, kali. Ukiisikia peke yake utasema gitaa lina mafua. Iweke katikati ya piano na besi, inapenya kama sindano.

Siri iko hapo. Uzi mnene wa gitaa hutetemeka mara 82 hivi kwa sekunde, na huko chini ndiko wanakoishi besi na ngoma kubwa. Sikio la binadamu, kwa upande wake, ni jepesi zaidi baina ya mitetemo 2,000 na 5,000. Fundi mitambo mwerevu huikata ile sauti nene ya solo, wala haipandishi. Mpiga solo hulalamika kwamba ameibiwa. Amepewa!

Lakini mitambo peke yake haitoshi. Wimbo wa "Bohemian Rhapsody" ulirekodiwa mwaka 1975 kwenye tepu ya njia 24, na sauti za waimbaji zikarudiwa juu kwa juu mpaka tepu ikachakaa, ikawa inaonyesha mwanga. Katika msongamano huo solo ilistahili kuzama. Haikuzama, kwa sababu Mercury, mtunzi wa wimbo na ndiye aliyekuwa kwenye piano, alinyamaza. Akamwachia May njia nzima, naye May hakurudia yale yaliyokwisha kuimbwa. Alileta tuni yake mwenyewe juu ya piano ileile.

Nawajua waimbaji wa mjini ambao gitaa likianza tu ndipo wanapokumbuka kuwataja wafadhili wote waliomo ukumbini, na tarumbeta nazo haziweki chini. Halafu lawama zinamwangukia fundi mitambo. Ukiupata wimbo wa Queen, msikilize Mercury muda mfupi kabla ya dakika ya tatu: anapandisha sauti mpaka juu kabisa, kisha anatoka.